Namna ya kupima uimara wa lenzi: za fokasi ya mkono na za otofokasi

Lenzi ya kwanza niliyonunua kwa pesa yangu niliichagua kwa uzito. Ilikuwa 50mm ya zamani ya kufokasi kwa mkono, yaani unautafuta ukali wa picha kwa kuzungusha ringi, chuma tupu, baridi kiganjani kama kufuli la duka. Pembeni yake palikuwa na 50mm nyingine ya otofokasi, inayoutafuta ukali yenyewe kwa mota, plastiki, nyepesi kama kikombe kitupu, na bei zilikaribiana. Nikachukua chuma. Jioni ile nilipomulika tochi ndani yake nikaona nyuzi za fangasi zimetanda kwenye kioo cha nyuma mithili ya utando wa buibui. Mwili ulikuwa mzima kabisa. Kilichokuwa kimeharibika ni kioo, yaani kitu chenyewe nilichokwenda kununua.

Tangu hapo sikiamini kiganja peke yake. Uimara wa lenzi uko kwenye viungo vyake: kinachozunguka, kinachoteleza, kinachoziba vumbi, kinachosukumwa na umeme. Na kwa kuwa lenzi za mkono na za otofokasi zimejengwa kwa kazi tofauti, huwezi kuzipima kwa kipimo kimoja. Swali ninalouliza sasa kwa kila lenzi ninayoishika ni hili: itakufa vipi, na ikifa, nani ataifufua?

Elewa kwanza kwa nini zimejengwa tofauti

Katika lenzi ya mkono, mota ni vidole vyako. Ukizungusha ringi, mabomba yenye hesi pana huzunguka moja ndani ya jingine na kusogeza vioo mbele au nyuma. Hesi hizo mara nyingi huchongwa upande mmoja kwa brasi na upande wa pili kwa aluminiamu, kwa sababu metali za aina moja zikisuguana muda mrefu hung'ang'aniana. Katikati hupakwa grisi nzito, na ule ulaini mzito unaousikia vidoleni unapozungusha lenzi nzuri ya zamani ni kazi ya grisi hiyo. Mzunguko wenyewe ni mrefu, kwa lenzi nyingi nusu duara au zaidi, ili mkono uweze kutenganisha kope na jicho.

Mota ya umeme haitaki hayo. Ni ndogo, inatumia betri, na kazi yake ni kufika haraka. Mwaka 1985 Minolta ilitoa kamera ya 7000, iliyofanya otofokasi iliyojengwa ndani ya kamera kuwa kitu cha soko. Nikon ikafuata mwaka 1986 na F-501, na Canon mwaka 1987 ikaleta kamera za EOS na kitako (pete inayoshika kamera) kipya kabisa, EF. Wahandisi ikawabidi wapunguze msuguano: grisi nzito ikaondoka, mzunguko ukafupishwa mpaka robo duara hivi, mabomba ya ndani yakawa ya plastiki ngumu. Kwa hiyo ringi nyepesi kwenye lenzi ya otofokasi ni uamuzi wa mhandisi, ilhali ringi nyepesi kwenye lenzi ya mkono ya zamani mara nyingi ni dalili kwamba grisi imeisha au imeyeyuka.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulisahau. Juni 1985, National Geographic ilitoka na jalada la msichana wa Kiafghani, picha ambayo Steve McCurry aliipiga Pakistani mwaka uliotangulia kwa Nikkor (jina la lenzi za Nikon) 105mm f/2.5, lenzi ya kufokasi kwa mkono. Wakati ule hizo ndizo zilikuwa zana za wataalamu wa juu, na zilijengwa hivyo. Ukiichukua lenzi ya daraja lile ukailinganisha na lenzi ya bei ya chini inayouzwa pamoja na kamera ya mwanafunzi, halafu ukasema otofokasi ni dhaifu, hujalinganisha kitu. Linganisha daraja kwa daraja. Lenzi za otofokasi za bei ya juu zina magamba ya chuma na mipira ya kuzuia maji ambayo lenzi nyingi za mkono za miaka ya 1970 na 1980 hazikuwa nayo.

Vya kubeba

Nenda na tochi ndogo yenye mwanga mkali, kitambaa cheusi, na mwili wa kamera yako ukiwa na betri iliyojaa na kadi tupu. Muuzaji asiyekuruhusu kuifunga lenzi kwenye kamera yako, muage kwa heshima uondoke. Lenzi ya mkono unaweza kuipima nusu yake bila kamera. Ya otofokasi bila kamera hujaipima hata robo.

Hatua ya 1: kitako na skrubu

Igeuze lenzi utazame kitako, yaani ile pete ya nyuma inayoshika kamera. Angalia vichwa vya skrubu. Vikiwa vimechubuka, lenzi imeshafunguliwa. Kufunguliwa si kosa, ila muulize muuzaji ilifunguliwa kwa nini, na ukifika hatua ya kioo uangalie mara mbili.

Kitako cha plastiki kinawatisha wengi. Itazame Canon 50mm f/1.8: ya mwaka 1987 ilikuwa na kitako cha chuma, toleo la pili la mwaka 1990 likapewa cha plastiki na kushuka hadi gramu 130, kisha toleo la STM (jina la aina ya mota yake) la mwaka 2015 likarudi kwenye chuma. Kwa lenzi ya gramu 130 plastiki inatosha kubeba uzito. Shida yake ni kuchakaa kwa mtu anayebadilisha lenzi mara kumi kwa siku, na kukatika lenzi ikidondoka ikiwa imefungwa kwenye kamera. Ukiikuta, chunguza zile meno tatu za kushikia: zisiwe na nyufa wala kingo zilizoliwa.

Tafuta pia ukingo wa mpira kuzunguka kitako. Ukiwepo, vumbi na matone hayapiti kirahisi hapo. Lenzi za mkono za zamani karibu zote hazina mpira huo, hata ziwe nzito namna gani, na kwa anayepiga picha barabara za vumbi au pwani yenye chumvi hewani, hili ni pengo la kweli.

Funga lenzi kwenye kamera uitikise taratibu kushoto na kulia. Ikicheza, usiilaumu kabla ya kujua unatumia adapta (kiungo cha kufunga lenzi kwenye kamera ya kitako kingine) au la. Kitako cha Nikon F kinakaa milimita 46.5 kutoka kwenye sensa, cha Sony E milimita 18, hivyo lenzi ya kale ya Nikon kwenye Sony hubebwa na bomba la milimita 28.5 katikati. Adapta ya bei rahisi ikilegea, lenzi nzuri itaonekana mbovu.

Hatua ya 2: ringi ya fokasi

Kwa lenzi ya mkono, zungusha polepole kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha urudi. Unatafuta mambo matatu. Kwanza, uzito uwe uleule njia nzima; ukisikia sehemu nzito kisha nyepesi, grisi imekauka au lenzi iliwahi kuanguka ikapinda. Pili, ukigeuza mwelekeo, vioo vianze kusogea papo hapo. Ringi ikizunguka kidogo bila kitu kusogea, viungo vimelika. Tatu, kwenye alama ya mbali kabisa (∞) ringi igote, isimame kama mlango uliofungwa, na picha ya jengo la mbali itoke kali hapohapo.

Kwa lenzi ya otofokasi, karibu kila moja ya sheria hizo inageuka. Nyingi zinapita alama ya ∞ kwa makusudi, ili mota iwe na nafasi ya kutafuta na kurudi, na ili joto likitanua vioo bado fokasi ifike. Bomba la mbele linaweza kucheza kidogo sana na bado lenzi ikawa salama. Kinachonitia shaka ni bomba kucheza upande mmoja zaidi ya mwingine, au kukwaruza linapotoka.

Kwenye lenzi nyingi za kamera zisizo na kioo cha kujikunja (mirrorless), na za STM za Canon, ringi haijaungana na vioo kabisa. Inatuma ujumbe wa umeme kwa mota. Kamera ikiwa imezimwa utaizungusha mpaka uchoke bila kitu kusogea, na hiyo ni kawaida. Nimeona watu wakirudisha lenzi nzima kabisa kwa sababu hii.

Tahadhari kwa lenzi za Nikon zinazozungushwa na mota ya kamera: usilazimishe ringi wakati kamera iko kwenye otofokasi. Ringi imeshikana na gia, na ukiilazimisha unazitafuna.

Hatua ya 3: tundu la mwanga

Lenzi ya mkono ina ringi ya f/, yaani namba za ukubwa wa tundu, yenye mibofyo. Isikilize: kila mbofyo uwe mkavu na wazi. Kisha sukuma ule ulimi mdogo wa nyuma uuachie. Bladi, vile vibati vyembamba vinavyobana tundu, zifunge na kufunguka kwa haraka ya kupepesa jicho. Zikijivuta, mulika tochi: mara nyingi utaona mng'ao wa mafuta juu yake. Mafuta hayo ni grisi ya hesi iliyolainika kwa joto ikatiririka, na gari lililoegeshwa juani linafanya kazi hiyo vizuri sana.

Lenzi za Canon EF huendesha bladi kwa umeme, hivyo huwezi kuzijaribu kwa kidole. Ifunge kwenye kamera, weka f/11, bonyeza kitufe cha kuonyesha kina cha picha na utazame kwa mbele. Piga pia picha kumi mfululizo kwa f/11. Zote ziwe na mwanga uleule.

Hatua ya 4: mota

Hatua hii ni ya otofokasi peke yake, na ndiyo inayoamua. Elekeza lenzi kwenye kitu cha karibu, kisha cha mbali, mara ishirini bila kupumzika. Sikiliza. Sauti ya msumeno mdogo ni kawaida kwa mota ndogo za zamani; mlio wa kufinyana au kusita katikati ya safari si kawaida. Mota iliyochoka huanza kugoma baada ya kupata joto, ndiyo maana majaribio mawili matatu hayatoshi.

Lenzi yenye kituliza mtikisiko ikigonga ndani unapoitikisa, usishtuke. Kundi la vioo lile huelea, na umeme ukizimwa linabaki huru. Ni hivyohivyo kwa lenzi kadhaa mpya zenye mota za mstari.

Hatua ya 5: kioo

Hapa ndipo watu wa pwani tunapopoteza pesa. Dar, Tanga, Mombasa, Unguja: unyevu hewani unapita asilimia 70 sehemu kubwa ya mwaka, na fangasi huanza kustawi kuanzia 60 hadi 70. Hula vumbi na mafuta ya vidole, hutoa asidi, na asidi hiyo hula koti ya kioo. Ukiwahi, fundi husafisha ikaisha. Ukichelewa, nyuzi huondoka na alama hubaki kwenye kioo daima.

Fungua tundu lote. Tandaza kitambaa cheusi, mulika tochi kutoka nyuma kwa pembe, siyo moja kwa moja, na utazame kwa mbele huku ukigeuza lenzi taratibu. Kisha geuza: mulika mbele, tazama nyuma. Chembe kadhaa za vumbi hazina madhara kwenye picha. Nyuzi zinazotawanyika kama mizizi ni fangasi. Wingu jeupe jepesi ni mvuke wa grisi ulioganda. Husafishika mara nyingi, lakini usipoondolewa picha za kuelekea jua hufifia. Ukiona rangi za upinde wa mvua pembezoni ndani ya kioo, gundi inayounganisha vioo viwili inaachia, na hiyo iache dukani.

Mkasa mmoja wa pekee: Super-Takumar 50mm f/1.4 ya Asahi Pentax inaweza kuwa ya njano kama chai ya rangi. Si fangasi. Vioo vyake vina thoriamu, na njano hiyo hupungua lenzi ikianikwa kwenye mwanga wa jua kwa siku nyingi. Ukiianika, iwekee kitu kisichoshika moto chini yake na uikae jirani, maana lenzi juani huwasha pazia kama kiberiti.

Je, aina ipi inaingiza uchafu zaidi? Lenzi za zamani za mkono zimeishi miaka mingi zaidi, basi zimekusanya mengi. Lakini zumu (lenzi ya kuvuta karibu na mbali) yoyote inayorefuka hufanya kama pampu ya baiskeli, kila ukiivuta inameza hewa ya nje, na zumu nyingi mitaani ni za otofokasi. Tofauti kubwa iko kwenye kusafisha. Lenzi ya mkono yenye vioo sita au saba hufunguka kwa pete na skrubu. Katika nyingi za otofokasi za siku hizi, makundi ya vioo yamesawazishwa kiwandani kwa vipimo vidogo mno, na ukiyagusa bila mashine ya kuyarudisha, picha hulegea upande.

Hatua ya 6: ukuta wa matofali

Simama mbele ya ukuta wa matofali, kamera ikae sambamba nao kwenye stendi, tundu likiwa wazi kabisa. Piga, kuza picha, linganisha kona nne. Zote zikiwa na ulaini unaofanana, sawa. Kona moja ikiwa na ukungu na ya upande wa pili kali, kuna kioo kilichohama, kwa kawaida baada ya kuanguka. Lenzi ya plastiki inaweza kuanguka isionyeshe hata mkwaruzo nje, kwa sababu gamba lilinesa na kurudi, ilhali ndani kishikio kimoja cha nailoni kimekatika. Lenzi ya chuma ikianguka hubonyea, unaiona. Hilo ni faida ya chuma ambayo sijasikia ikitajwa mara nyingi: haifichi historia yake.

Hatua ya 7: uliza itatengenezwa na nani

Lenzi ya mkono hufa polepole. Kwanza inakuwa nzito, kisha bladi zinanata, na miaka yote hiyo bado inapiga picha. Fundi makini, hata fundi saa mwenye mkono mtulivu, anaweza kuirudisha akiwa na bisibisi sahihi na grisi ya lenzi. Sisitiza vitu hivyo viwili. Skrubu za lenzi za Kijapani ni za JIS, kiwango cha Japani, na bisibisi ya msalaba ya kawaida huzichubua. Na grisi ya baiskeli isikaribie: siku ya joto itatiririka mpaka kwenye bladi.

Otofokasi hufa ghafla. Asubuhi ilikuwa inafanya kazi, saa tisa maharusi wanaingia ukumbini imekataa. Kinachokufa mara nyingi ni waya bapa unaojikunja kila vioo vinaposogea, au mota, au ubao wa umeme. Vipuri hivyo hutoka kwa mtengenezaji, naye baada ya miaka kadhaa huacha kuvitengeneza. Ndiyo maana mimi huziweka hivi kwa kudumu: lenzi ya mkono juu, ikifuatiwa na ile inayoendeshwa na mota ya kamera, kisha yenye mota yake lakini ringi imeungana na vioo, na mwisho ile ambayo ringi ni ya umeme tu. Hiyo ya mwisho mota ikifa, hata vidole vyako haviwezi kuisaidia.

Mfano: Nikkor tatu za 50mm

AI-S f/1.4 ni ya mkono, takriban gramu 250, chuma. Ya pili, AF f/1.8D, gramu 155, gamba la plastiki juu ya kitako cha chuma, haina mota ndani. AF-S f/1.8G ya mwaka 2011, gramu 185, ina mota yake na mpira kwenye kitako.

Kwa mkono, ya kwanza inazishinda mbili zote kwa mbali, na kwa video ningeichagua bila kusita. Ya D inaudhi vidole, ringi yake ni nyepesi na kavu, lakini ndani hakuna mota ya kuungua, na nakala za miaka mingi bado zinafanya kazi. Ya G inazuia vumbi vizuri kuliko zote na inanyamaza inapofokasi, ila imebeba kiungo kinachoweza kufa.

Kisha tazama kamera yako. Kwenye familia za Nikon D3000 na D5000, ya D haitafokasi yenyewe, na AI-S haitapimiwa mwanga. Utafanya kazi kwa M, yaani mwanga unaupanga mwenyewe. Kwenye D7000 zote tatu zinafanya kazi zake. Mpiga picha wa harusi na mpira anahitaji otofokasi, hilo halina mjadala kwangu. Anunue ya G na abebe ya D mfukoni kama akiba, mradi kamera yake ina mota. Anayepiga bidhaa, majengo, sura za watu waliotulia au filamu fupi, apewe AI-S na muda.

Ukishainunua

Tumia sanduku la plastiki lenye mfuniko unaobana, pakiti za silika (chembe zinazofyonza unyevu), na kipimio kidogo cha unyevu ndani. Shikilia kati ya asilimia 40 na 50. Chini sana grisi hukauka, juu fangasi huamka. Mkoba wa ngozi usilaze lenzi ndani yake, ngozi inahifadhi unyevu. Toa kila lenzi walau mara moja kwa wiki: ya mkono izungushe kutoka mwisho hadi mwisho, ya otofokasi ifunge kwenye kamera uifokasishe karibu na mbali mara kadhaa. Kipimio kikigusa 60, mwaga chembe za silika kutoka kwenye pakiti uzikaushe kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo, ziache zipoe, uzirudishe kwenye pakiti na sandukuni siku hiyohiyo.